Umande wa Oktoba

2 Oktoba

Daftari hili nimelitoa kwenye sanduku la vitabu vya reli. Kurasa za mwanzo nimezichana, zilikuwa na ratiba za treni ambazo hazipo tena. Kila msimu wa mvua huwa na daftari lake nyumbani kwangu: naandika saa mvua ilipoanza, saa ilipokoma, na nafasi ikibaki naandika mambo ya watu. Saa naziandika kwa namna ya reli, 13:00 ikiwa ni saa moja baada ya katikati ya mchana. Nilifundisha ishara za treni miaka thelathini na mmoja, na mwanafunzi aliyeandika "asubuhi" badala ya 6:12 nilimrudisha kitini.

Mvua bado. Barazani nyuzi 36.

Nimepata kazi, katika umri wa miaka sabini na miwili. Chancelvie, binti wa marehemu rafiki yangu, ni injinia, na amefungua ofisi ndogo ya kusimamia ujenzi kutoka mbali. Maana yake ni hii: tajiri, Bwana Aristote, anajenga bohari huku Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi, lakini anaishi Kinshasa, na hawezi kupanda ndege kila juma kuja kutazama matofali. Sisi tunasimika nguzo kiwanjani, juu yake tunaweka kamera, chini ya kamera paneli ya jua, betri na laini ya simu. Kamera inapiga picha, na picha inafika kwenye simu yake.

"Papa Donat, nyiye mulifundisha mashini ya ishara," Chancelvie aliniambia. "Na hii iko tu ishara."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

5 Oktoba

Nguzo imesimama. Mtandao wa upande ule ni dhaifu, hauwezi kubeba filamu ya siku nzima, kwa hiyo nimeipangia kamera picha nne tu kwa siku. Kisanduku cha kamera, kupitia kompyuta, kiliniuliza maswali mengi, lugha, nchi, mji, nikayajibu moja baada ya jingine. Mwisho nikalinganisha saa yake na yangu mpaka sekunde zikaenda pamoja.

Chancelvie alicheka. "Papa, hapa treni haipitaka."

Nilimwambia saa mbovu inaua hata pasipo treni, ila taratibu.

Mlinzi wa kiwanja ni Musonda. Nilimpendekeza mimi. Alikuwa mwanafunzi wangu, Mbemba kwa kabila, mtu wa Sakania mpakani mwa Zambia, kisha akawa mlinzi wa kivuko cha reli kwao, akifunga na kufungua kizuizi bila kukosea hadi kazi ilipokwisha. Leo analinda kiwanja mchana, na alfajiri anapiga kengele ya parokia yetu. Saa 5:30 kamili. Nusu ya mtaa wanaamka kwa mkono wa Musonda.

9 Oktoba

Sakafu ya bohari imemwagwa leo. Mashine ya kuchanganyia ilichelewa, hivyo zege lilianza kumwagwa jua likiwa utosini, na upepo mkavu ukivuma. Sikupenda, lakini hilo si la kamera.

Watu hudhani zege linakauka kama nguo kwenye kamba. Zege haliivi kwa kukauka, linaiva kwa kunywa maji. Likinyimwa maji siku za mwanzo, hasa katika joto kama hili, linapasuka. Ndiyo maana lazima limwagiliwe mara nne kwa siku, kwa majuma matatu. Bwana Aristote amempa Musonda kazi hiyo, na ameagiza picha zipigwe saa zilezile, ili amwone akimwaga.

"Maître," aliniambia Musonda (bado ananiita mwalimu), "mayi nitamwanga ku 7:00, ku 10:00, ku 13:00, ku 16:00. Na nitaandika mu cahier, mu daftari yangu, dakika kwa dakika, sawa vile mulitufundisha."

Nimepanga picha robo saa baada ya kila saa, ili zimkute bado ana mpira wa maji mkononi.

10 Oktoba

Joto. Kengele 5:30.

14 Oktoba

Chancelvie amenituma nitazame picha za siku nne. Musonda hayumo hata katika moja. Sakafu ni nyeupe, kavu. Picha za 7:15 tu zina madoa meusi hapa na pale. Nimeandika kando yake: umande.

Niliketi nazo muda mrefu. Kisha nikajiambia: tusubiri.

17 Oktoba

Picha kumi na mbili zaidi. Mtu hakuna.

Nimepita kiwanjani kana kwamba natazama betri. Nikamwomba Musonda daftari lake. 7:00 maji. 10:01 maji. 13:00 maji. 16:00 maji. Kila siku vivyo hivyo, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Nilimrudishia bila neno. Njiani nilifikiri: hakuna mtu anayemwaga maji kwa usahihi wa namna hii. Mtu akiandika hivi, basi anaandika akiwa amekaa kivulini.

20 Oktoba

Jumapili. Kengele 5:30. Nilimkwepa baada ya misa.

26 Oktoba

Wamefagia sakafu na nyufa zimeonekana, nyembamba kama nywele, kutoka mlangoni hadi katikati. Bwana Aristote amepiga simu mara tatu. Anataka ripoti yenye sahihi yangu.

Nimeiandika kwa Kifaransa kizuri. Ukurasa mmoja na nusu.

29 Oktoba

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Kila asubuhi 6:45 kuna appel kiwanjani: msimamizi anaita majina na kila mfanyakazi anaitikia. Bwana Aristote alitaka jambo limalizwe hapo, mbele ya wote, liwe fundisho. Chancelvie alishika simu juu ili sauti ya Kinshasa isikike. Watu kama arobaini, waashi, wapinda vyuma, wanawake wawili wapishi. Musonda alisimama mstari wa mbele na daftari lake kwapani.

Nilisoma ripoti. Ningeweza kuisoma na kunyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kueleza, nikaeleza. Nikasema mashine haina kabila wala kinyongo, haina njaa, haina usingizi. Nikasema daftari linaandikwa na mkono, na mkono unatii moyo, bali picha inaandikwa na mwanga. Watu walisikiliza vizuri. Niliona wanasikiliza, na hilo, Mungu anisamehe, lilinipendeza.

Kisha nikamgeukia. "Musonda, uko na neno?"

Alinitazama. Akainamisha kichwa kidogo, kama walivyofanya darasani zamani nilipomaliza kusahihisha.

"Hapana, maître."

Mwashi mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo, "Kumbe sakafu ilikuwa inakunywa mayi ya bongo!" Bongo kwetu ni uongo. Wakacheka. Simu ikasema kwa Kifaransa kwamba Musonda arudishe funguo.

Aliziweka mkononi mwangu, si mkononi mwa msimamizi.

30 Oktoba

Kengele 5:30. Ilipigwa kama kawaida, ila mara chache.

3 Novemba

Jumapili. Kengele 5:38. Padri ametangaza kwamba kazi ya kengele imepewa mwingine, kwa muda. Musonda mwenyewe ameomba kupumzika.

Wakati wa kula mke wangu Agnès aliniuliza, "Donat, juu ya nini Musonda hakujitetea?"

"Anayua kosa yake."

Alimega ugali, akauviringisha vidoleni polepole. "Ao anakuyua weye."

6 Novemba

Mvua ya kwanza! 13:40 kamili. Nilikuwa barazani na saa mkononi, tangu mawingu yalipoanza kupanda upande wa hoteli ya Karavia. Matone makubwa, vumbi likarukaruka, kisha ukuta wa maji. Agnès alikimbilia nguo. Ilikoma 15:05. Harufu ya udongo mpaka jioni. Nimesahau mambo yote kwa saa moja na dakika ishirini na tano.

8 Novemba

Bwana Aristote aliomba picha ya mvua ya kwanza, awaonyeshe rafiki zake. Nikaitafuta. Ilikuwa nzuri kweli: maji yanadunda juu ya sakafu, mwashi anakimbia na mfuko wa saruji kichwani. Pembeni, kwa tarakimu nyeupe: 6 Novemba, 13:15.

Nikaitazama tena. 13:15.

Mvua ilianza 13:40. Nimeandika hapo juu kwa mkono wangu.

Nilianza kujitafutia njia. Mvua ya kwanza hunyesha mtaa mmoja ikauruka mwingine, kila mtu wa hapa anajua. Lakini kutoka barazani kwangu nguzo ya kamera inaonekana. Nilivaa viatu, nikaenda kuwauliza wapishi. Wakasema waliosha vyungu vya mchana, wakavipanga, ndipo mvua ikaja. Wao huosha vyungu 13:30.

Nilirudi polepole. Katika duka la simu njiani redio ilikuwa inasema, kama inavyosema kila siku ya maisha yangu: ni saa kumi na moja Kinshasa, saa kumi na mbili Lubumbashi.

Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa.

Atakayesoma hili asiye wa nchi hii, nimweleze. Nchi yetu ni pana, ina saa mbili. Jua likitufikia sisi, Kinshasa bado wako gizani. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Nilifungua kisanduku kwa kompyuta nikatafuta pale palipoandikwa mji. Orodha ilikuwa na majina mawili ya nchi yetu, Kinshasa na Lubumbashi. Mimi, tarehe 5 Oktoba, niliona jina la mji mkuu kwanza, nikalibonyeza. Kisha nikalinganisha saa. Lakini mtu wa reli akilinganisha saa hutazama dakika na sekunde, kwa sababu hakuna saa ya kituo inayokosea saa nzima. Mshale mfupi sikuutazama.

Basi picha ya 7:15 ilipigwa 8:15. Ya 10:15 ilipigwa 11:15. Saa nzima baada ya Musonda kumwaga na kukunja mpira wake, katika joto la Oktoba ambalo linakausha shuka kwa dakika kumi. Ni asubuhi tu, jua likiwa bado changa, ndipo unyevu ulipobaki kidogo. Yale madoa meusi.

Umande, niliandika. Umande wa Oktoba! Mimi niliyezaliwa Lubumbashi, niliyeandika madaftari arobaini ya mvua, ninayejua kwamba mwezi huo hata mdomo wa mbuzi unapasuka kwa ukavu. Maji ya Musonda yalikuwa mbele ya macho yangu, nikayapa jina la kitu kisichokuwepo.

Naye hakunipinga kwa sababu alikuwa mwanafunzi wangu na watu walikuwa wanatazama. Heshima yake nimeisoma kama kukiri.

9 Novemba

Nimebadilisha mji kwenye kisanduku. Sasa kinasema Lubumbashi. Sikumwambia mtu.

10 Novemba

Nitamwambia Chancelvie kesho.

11 Novemba

Mvua 15:20 hadi 15:50. Chancelvie alikuwa na wageni.

15 Novemba

Sehemu ya pili ya sakafu imemwagwa tarehe 12, alfajiri safari hii. Mlinzi mpya anaitwa Osée, kijana mwema, mvivu kidogo. Picha zote zinamwonyesha na mpira mkononi, 7:15, 10:15, 13:15. Bwana Aristote alipiga simu akicheka kwa furaha. "Mnaona tofauti ya mtu mwaminifu?"

Nilisema, "Naona."

22 Novemba

Mvua usiku kucha. Kengele 5:44.

28 Novemba

Chancelvie alinipeleka Karavia kula na wateja wawili wanaojenga viwanda. Meza ilitazama maji. Akanitambulisha: "Huyu njo papa mwenye alikamata muntu wa bongo kwa picha tu. Hakutoka ata ku ofisi." Wale mabwana waliniuliza nilijuaje. Nikaeleza mambo ya mwanga na picha. Nilisikia sauti yangu ikieleza vizuri.

Wanataka nguzo mbili. Samaki nilimla wote, hata kichwa.

2 Desemba

Sikuandika saa ya mvua leo. Sijui ilianza lini.

14 Desemba

Sokoni Kampemba nilikutana na Christiane, mke wa Musonda. Alikuwa amebeba dagaa. Nilitaka kupita njia nyingine, lakini yeye alikuwa ameshaweka beseni chini ili anisalimu kwa mikono miwili.

"Jambo, maître. Mama Agnès iko muzuri?"

"Iko muzuri. Na Musonda?"

"Alirudia ku Sakania, ku dada yake. Anauzisha kule." Akainama juu ya beseni. "Hapa hakuweza tena. Batoto ya mu njia balikuwa banamuita Mayi ya Bongo. Anapita, banamwangia mayi chini mbele yake. Banacheka." Akainua beseni. "Maître, miye sikasirike na nyiye. Mulisema kile muliona."

Hilo ndilo lililonifukuza sokoni. Angenitukana ningebaki nikanunua chumvi.

25 Desemba

Kengele ya Noeli 5:52. Watu waliingia kanisani nusunusu, hadi wimbo wa pili.

26 Desemba

Nimemwambia Agnès. Nilianza na kisanduku, na orodha ya miji, na jinsi dunia inavyozunguka. Akanikatiza. "Alimwanga mayi ao hakumwanga?"

"Alimwanga."

Alikwenda kuepua sufuria iliyokuwa inachemka. Kisha akasema, "Nitakuwekea nguo mu sakoshi. Utaenda Sakania mbele ya kwenda kwa Chancelvie. Na usiende kuomba musamaha mu chumba, Donat. Ulimushitaki mbele ya bantu."

4 Januari

Njiani. Matope. Malori mawili yamelala katikati ya barabara, tumelala garini. Nimepata muda wa kutunga maneno, na maneno niliyotunga ni mengi mno.

6 Januari

Sakania. Musonda anauza mafuta ya kula, sabuni na sukari ya Zambia karibu na kituo cha treni, juu ya meza yenye mguu mmoja wa tofali. Aliponiona alisimama, akafuta kreti kwa kitambaa, akanikalisha. Kisha akaendelea kumpimia mafuta mama mmoja, bila haraka, mpaka tone la mwisho.

Nilieleza. Nilieleza saa mbili za nchi, nikaeleza orodha, nikaeleza mshale mfupi na mshale mrefu. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama darasani.

"Maître," akasema mwishoni, "mumemaliza kufundisha?"

"Nimemaliza."

"Sasa semeni."

Nilitafuta maneno ya safari nzima nikakuta manne. "Nilikosa. Weye ulimwanga mayi."

Akaitikia kwa kichwa. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kituoni, haiendi wala hairudi. Nikamuuliza kwa nini hakunipinga siku ile.

"Miye nipinge maître mbele ya ba maçon, bale waashi? Hapana. Nilisema, akifika ku nyumba atafungua tena, ataona. Muko muntu wa kusahihisha mara mbili. Nilingojea. Siku ya kwanza, siku ya pili. Ku kengele, alfajiri, nilikuwa nawaza: leo atakuja." Akapanga vipande vya sabuni ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Muliyua tangu lini?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna picha ya siku niliyojua.

"Tangu tarehe nane Novemba."

Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Mlinzi wa kivuko anahesabu hivyo mabehewa yakipita. "Siku makumi tano na kenda."

"Njo vile."

"Ile saa moja, maître, mi naweza kuisamehe. Iko ya mashini, na mashini iko mugeni hapa. Ile siku makumi tano na kenda, ile haiko ya mashini. Ile iko yenu."

Nilikaa kwenye kreti. Wateja walikuja, akawahudumia, akawatania kwa Kibemba, wakacheka. Baadaye alinipa chai.

"Mi sitaki kazi," alisema. "Kiwanja ile, hapana. Mi nataka appel. Mutasema palepale, ku saa ileile, na ile simu ya Kinshasa ikiwa inasikia. Na miye nitakuwa pale mustari ya mbele."

"Nitasema."

"Na musieleze sana."

10 Januari

Nimemwambia Chancelvie. Hakupiga kelele. Alifungua kompyuta, akatazama tarehe ya mabadiliko, 9 Novemba, jina langu kando yake. Kisanduku huandika kila kinapoguswa. Nilikuwa nimesahau hilo pia.

"Papa, mulibadilisha na mukanyamaza," akasema. "Na miye nikawapeleka Karavia."

Aliwapigia simu wale mabwana wawili mbele yangu, akawaambia ukweli. Mmoja amejitoa. Kisha akampigia Bwana Aristote. Yeye alicheka sana. "Saa moja tu? Mwambieni mzee asijisumbue, yule mlinzi nimeshamsahau." Na nyufa? Akasema fundi mkuu alishamwambia mwezi uliopita: zege lilimwagwa juani, upepo ukalinyonya siku ileile, kabla hata ya maji ya kwanza. Hakuona sababu ya kutuambia.

Chancelvie alimjibu kwa Kifaransa kikali kwamba Jumatatu 6:45 atakuwa kwenye simu, asipokuwepo nguzo itang'olewa. Sikujua ana sauti hiyo.

13 Januari

Jumatatu. Mvua nyembamba tangu 4:10.

Musonda alifika jana jioni. Leo alisimama mstari wa mbele, shati jeupe, daftari kwapani, maji yakimtiririka usoni bila kuyafuta. Watu walewale. Chancelvie aliinua simu, akaikinga kwa mwavuli. Mimi nilikataa mwavuli.

Nilikuwa na ukurasa mfukoni. Sikuutoa. Nilisema:

"Mwezi wa kumi nilisema hapa kama Musonda hakumwanga mayi. Alimwanga. Kila siku, kila saa yenye aliandika. Saa ya kamera ilikuwa ya Kinshasa. Niliiweka miye, na mukono yangu. Nilijua kosa tarehe nane Novemba, nikanyamaza mpaka leo, juu ya kuona haya. Bongo ilikuwa yangu. Musonda, nakuomba musamaha mbele ya bantu yenye walinisikia."

Hakuna aliyecheka. Yule mwashi wa nyuma alitazama viatu vyake. Simu ikakohoa, ikasema kwa Kifaransa kwamba kampuni inasikitika.

Musonda akaja mbele. Sikujua atafanya nini. Alifungua daftari lake, akaliinamia ili mvua isililoweshe, akanionyesha. Kurasa za maji, saa kwa saa, mpaka siku ya mwisho, 28 Oktoba, 16:00. Chini ya mstari ule, kwa mwandiko uleule uliosimama wima, akaandika: 13 Januari, 6:51, maître amesema. Kisha akanipa kalamu.

Relini kila ukurasa wa daftari la kivuko ulitiwa sahihi na mkubwa, kushuhudia kwamba ameuona. Ukurasa bila sahihi ulihesabiwa haukuandikwa. Nilimfundisha mimi. Zile kurasa zote za Oktoba zilikuwa na nafasi tupu pembeni, alizoniwekea, na tarehe 17 nilikuwa nimezishika mkononi nikazirudisha bila neno.

Nilitia sahihi zote, moja baada ya moja. Wino ulitoka nje ya mistari kidogo. Watu walingoja kwenye mvua na hakuna aliyeambiwa aende kazini mpaka nilipofika kwenye ukurasa wa mwisho.

Nilitazama saa yangu, mshale mfupi kwanza. 6:58.

14 Januari

Padri alimwomba Musonda arudie kengele. Akajibu kwamba Sakania nako kuna parokia, na kengele yao haina mtu.

Leo kengele yetu imelia 5:41. Nilikuwa macho. Kabla haijalia, simu yangu ililia, nikasikia injini ya gari nyuma ya sauti ya Musonda.

"Maître, andikeni: 5:30, nimeondoka."

Nimeandika.